Masomo ya intaneti: kuandika watu elfu ni rahisi, kuwafikisha mwisho ni kazi ingine

Karibu kila mkutano mkuu wa koperative tunaofika, kuna mwanachama anasimama na kutuuliza: «Ninyi watu wa mradi munakuja hapa na pikipiki, munalala, munafundisha watu 30, munarudi. Juu ya nini musitie masomo yote kwenye intaneti, kila mtu ayafuate kwenye telefone yake?» Watu wanapiga makofi. Swali ni la haki. Tena siku hizi ujumbe unapita kwenye WhatsApp: «Jiandikisheni, masomo ni ya bure, mutapata sertifika.» Koperative moja tunayoijua iliandika majina ya wanachama wake wote kwa siku moja, na ikatoa makuta ya mega kwenye sanduku la wote. Mbele ya kufanya hivyo, ni vizuri kujua masomo ya namna hii yanatengenezwa namna gani, na yanakwamia wapi.

Jina lake la kifupi ni MOOC. Maana yake ni masomo ya watu wengi sana, yaliyo wazi kwa kila mtu, yanayopita kwenye intaneti. Hakuna mlango wa darasa, hakuna minervale. Jina hilo lilitokea mwaka 2008 kule Kanada. George Siemens na Stephen Downes walikuwa wanatoa somo katika Chuo Kikuu cha Manitoba. Wanafunzi waliolipa walikuwa 25 hivi. Wakafungulia wengine bila malipo, wakaingia watu karibu 2,200. Mwaka 2011 ikawa kubwa zaidi. Walimu wawili huko Stanford, Marekani, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walitoa somo juu ya namna ya kuipa mashine akili, na watu 160,000 wakajiandikisha, kutoka karibu kila nchi ya dunia. Magazeti yakasema shule ya zamani imekwisha.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme mwalimu anataka kumpa kila mmoja wa wale 160,000 dakika moja tu: kusoma swali lake na kumjibu. Ni dakika 160,000, maana yake saa 2,667. Akifanya kazi saa 8 kwa siku, bila kupumzika hata siku ya Mungu, atamaliza kisha siku 333. Kwa dakika moja moja! Hapo njo shida zote zinaanzia. Mwalimu wa MOOC hawezi kukuona. Hajui kama umeelewa, kama umelala, kama umeacha tangu wiki ya pili. Kila kitu ambacho mwalimu wa darasa anakifanya kwa macho na mdomo, huyu ni lazima akitayarishe mbele, kwenye video, kwenye maandishi, kwenye maswali ambayo mashine inasahihisha. Akikosea kitu kidogo, amewakosea watu maelfu kwa mara moja.

Kuna tukio moja ambalo walimu wa kazi hii bado wanalisimulia. Mwisho wa Januari 2013, chuo cha Georgia Tech, katika mji wa Atlanta huko Marekani, kilianza somo la wazi kupitia Coursera, moja ya kompani kubwa zinazopitisha masomo haya. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 40,000. Na somo lenyewe lilihusu nini? Lilihusu namna ya kutayarisha na kuendesha masomo kwenye intaneti! Mwalimu alikuwa na mawazo mazuri: hakutaka watu wasome kila mtu peke yake, alitaka wajipange kwa vikundi vidogo na kuongea. Basi akaweka liste moja kwenye intaneti, jedwali la Google, kila mtu aingie atie jina lake kwenye kikundi. Lakini wakati ule jedwali la namna hiyo lilikuwa haliwezi kupokea zaidi ya watu 50 wanaoandika kwa mara moja. Watu wakasukumana pale. Wengine walishindwa kuingia, wengine waliingia wakafuta majina ya wenzao bila kutaka. Ilikuwa sawa na kupitisha kaye moja ya waliofika katika mkutano wa watu elfu 40, na kalamu moja. Kisha siku chache somo likasimamishwa.

Wengi walicheka. Sisi hatuoni sababu ya kucheka sana, maana kosa lile lingeweza kumpata kila mtu aliyezoea kufundisha. Kujipanga kwa kikundi kwa kutia jina kwenye liste ni njia nzuri kabisa kwa watu 25. Mama anayejua kupika sombe ya watu 8 nyumbani, siku ya kilio cha watu 600 hawezi kuchukua sufuria ileile na kuongeza maji. Anahitaji mapipa, kuni za gari nzima, wamama 15 wa kutwanga, na mtu mmoja wa kusimamia chumvi tu. Chakula ni kilekile, lakini kazi imekuwa kazi ingine. Na masomo ni vivyo hivyo.

Shida ya pili ni wale wanaoacha njiani. Mwaka 2012 chuo cha MIT, huko huko Marekani, kilitoa somo lake la kwanza la wazi, juu ya umeme na vyombo vyake. Watu 155,000 hivi walijiandikisha. Waliopata sertifika ni 7,157. Hiyo ni kama watu 5 katika 100. Tusihukumu haraka: kuandika jina ni bure, na kuna watu wanaingia kuangalia tu, sawa na mtu wa sokoni anayeuliza bei ya maharagi bila kufungua mfuko. Mwingine anatafuta jambo moja, analipata katika wiki ya kwanza, anaenda zake. Huyo hakushindwa. Lakini miaka ikapita, na hesabu haikupanda. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walitoa katika gazeti Science hesabu za masomo ya MIT na Harvard ya miaka sita. Katika mwaka wa mwisho waliouangalia, watu wapata 3 tu katika 100 waliojiandikisha walifika mwisho. Kati ya wale waliolipa feza kwa ajili ya sertifika, karibu nusu walimaliza. Tena wengi wa wanafunzi walitoka katika nchi zenye mali. Masomo yaliyotangazwa kuwa ya watu wote yalienda zaidi kwa watu waliokuwa tayari na kisomo, umeme na rezo.

Kuna jaribio lingine linalotuhusu sisi zaidi. Mwaka 2013 chuo cha San José, huko California, kilishirikiana na kompani Udacity kufundisha hesabu kwenye intaneti. Kati ya wanafunzi kulikuwa wale walioanguka mtihani mara ya kwanza, na watoto wa sekondari, wengine bila kompyuta nyumbani. Matokeo ya mara ya kwanza yalikuwa mabaya kuliko ya darasani, na mwezi wa saba kazi ikasimamishwa kwanza. Mtu mwenye nguvu katika masomo anaweza kupambana peke yake na video. Mwenye shida anahitaji mtu wa kumwambia: «Hapa njo umekosea, rudia.» Kwa hiyo masomo yasiyo na mtu yanawaacha nyuma wale hasa yaliosema yanakuja kuwasaidia.

Labda mtu atasema: lakini kuna kijana wa Mongolia! Ni kweli. Katika lile somo la umeme la MIT, kijana wa miaka 15 wa mji wa Ulaanbaatar alipata alama zote bila kukosa hata moja, na kisha MIT ikampokea awe mwanafunzi wake. Habari ilizunguka dunia: mtoto wa mbali, peke yake na kompyuta, ameshinda. Kumbe hakuwa peke yake. Mkubwa wa shule yake alikuwa amesoma MIT. Kijana mwingine aliyesoma huko alisafiri mpaka Ulaanbaatar na masanduku ya vifaa, wakakaa na wanafunzi wapata 20, wanafuata video pamoja kisha wanafanya kazi kwa mikono. Akili ya yule mtoto ilikuwa yake, hatumnyimi. Lakini kando ya mashine kulikuwa darasa, vifaa, na mtu.

Tuje sasa kwetu, kwenye kahawa, migomba na mihogo.

Wa kwanza kukamata njia ni mega. Video ya dakika 10, hata isiyo na picha safi sana, inakula mega 50 hivi. Somo la wiki 6 lenye video 5 kila wiki ni video 30, maana yake mega 1,500, ni kusema giga moja na nusu. Kwa wanachama 30, kila mmoja akivuta za kwake, ni giga 45. Nani atalipa? Sauti tupu, bila picha, kwa dakika zile 10 inaweza kukaa ndani ya mega 2 na nusu. Somo zima ni mega 75. Maandishi ni kidogo zaidi. Kwa hiyo mtu anayetengeneza masomo ya wakulima na kujaza video ndefu za mwalimu amesimama mbele ya ukuta anaongea, huyo hakuuliza bei ya mega. Picha ni ya lazima pale macho yanahitajika: namna ya kushika makasi, rangi ya jani lenye ugonjwa. Mengine yote, sauti inatosha. Na kama wenye somo wanaruhusu, mtu mmoja anaweza kuvuta video mara moja pale rezo iko na nguvu, akazigawa kwa karte ya memwari. Giga 45 zinarudi kuwa giga moja na nusu.

Telefone yenyewe ni ya nani? Katika nyumba nyingi ile ya Android ni moja, na iko mfukoni mwa baba. Mama ndiye analima maharagi, ndiye anachagua mbegu, lakini jina lililoandikwa kwenye somo ni la bwana. Saa mbili ya usiku, wakati telefone imebaki nyumbani, yeye yuko jikoni. Tuliwahi kuona somo lililotaka majibu yatumwe kabla ya saa sita ya usiku wa siku ya Mungu, na lilianza katikati ya mwezi wa tisa, wakati kila mtu yuko shambani kwa msimu A. Aliyelipanga hakuwa mtu mbaya. Aliangalia kalenda ya ofisi.

Kisha kuna lile jambo la kufundisha dunia nzima kwa mara moja. Chukueni mnyauko wa migomba, ule ambao wengi kwetu wanauita kirabiranya. Ulionekana Masisi mwaka 2001. Kwa muda mrefu shauri lilikuwa kung'oa shina lote pamoja na watoto wake wote, wagonjwa na wazima. Ni kazi ya nguvu, na mtu anayekula migomba ileile hakubali kirahisi. Baadaye watafiti, na hapa Kivu pia, walionyesha njia ingine: kukata tu ule mgomba unaoonyesha ugonjwa, kuukata chini kabisa na haraka, kusafisha panga kwa moto au kwa javel, na kuendelea kufanya hivyo bila kuchoka. Video iliyotengenezwa mbele ya hapo bado iko kwenye intaneti na bado inasema ng'oa vyote. Video haijui kama shauri limebadilika. Kurudia kuitengeneza ni feza, na feza ya mradi mara nyingi imekwisha siku ile somo lilifunguliwa.

Tena, jani la manjano si lazima liwe kirabiranya. Agronomu akiwa shambani anakata shina, anangoja kidogo, anaangalia kama maji mazito ya manjano yanatoka. Anapasua ndizi, anaangalia kama ndani imekuwa nyekundu ya kahawia. Mkulima aliyeko mbele ya telefone anauliza: «Mgomba wangu uko hivi, nifanye nini?» Swali lake linaingia katika maswali mengine 3,000. Akijibiwa kisha wiki mbili, shamba limekwisha kuambukizwa.

Na mtihani? Mashine inasahihisha vizuri sana maswali ya kuchagua a, b au c. Inaweza kujua kama unakumbuka urefu wa kukata mti wa kahawa. Haiwezi kujua kama umeukata. Kwa kazi zisizosahihishwa na mashine, masomo mengi yanatumia njia ya wanafunzi kusahihishana: mimi nasoma kazi yako, wewe unasoma yangu. Njia hiyo inaokoa mwalimu, na mara ingine inafundisha sana, kwa sababu unaona makosa yako katika kazi ya mwenzako. Lakini wawili wasiojua kukata matawi wakipeana alama, watapeana alama nzuri, na kahawa itabaki kama ilivyokuwa.

Katika koperative moja tuliona sekretere aliyefuata somo zima la uongozi wa koperative, usiku, kwa makuta ya wote. Alipata sertifika, ikatundikwa kwenye ukuta wa ofisi. Tulipouliza wanachama amewarudishia nini, walitazamana. Hakuiba kitu. Hakuna aliyempa nafasi ya kurudisha.

Je, tuyaache masomo haya? Hapana. Upande mwingine kabisa kuna shamba-shule, ambalo wengi wenu mumelipitia. FAO ililianza Indonesia mwaka 1989 juu ya mpunga: wakulima wapata 25, shamba moja, kukutana kila wiki kwa msimu mzima. Hapo mtu anaonwa mikono. Lakini ni ghali, na mwalimu mmoja hawezi kufika kwenye vijiji 200. Katikati ya njia hizo mbili kuna watu waliotafuta kitu kinachowezekana. Huko India, tangu 2006, Digital Green walipiga video fupi za wakulima wa palepale, kwa lugha yao, wakazionyesha kijijini kwa kikundi. Mtu wa kijiji anasimamisha video, anauliza: «Mumeona nini? Nani atajaribu?» Kisha anapita kwa aliyesema ndiyo. Katika vijiji 16 vya majaribio, waliofuata mashauri walikuwa wengi mara nyingi zaidi kuliko kule agronomu alifanya kazi kwa njia ya zamani. Na katika jimbo la Tamil Nadu, India vilevile, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na Commonwealth of Learning ulitumia ujumbe wa sauti kwenye telefone za kawaida kufundisha wamama wafuga mbuzi, ambao walikuwa pia katika vikundi vyao vya kukopeshana. Hakuna aliyefuata peke yake.

Kwa hiyo kwa msimu unaokuja tunapendekeza hivi. Koperative isiandike majina 40. Iandike moja, na jina hilo liwe la animatere aliyechaguliwa katika mkutano, pamoja na msaidizi, na mmoja kati yao awe mama. Mega zitoke kwenye sanduku kwa mmoja huyo tu. Wengine wakutane naye mara moja kwa wiki, siku watu wamekwisha kukusanyika kwa kazi ingine, kwa mfano kisha kupima kahawa kwenye stasyo ya kuosha. Wasikilize au waangalie dakika 10, si zaidi, kisha waende kwenye mti mmoja na kufanya. Maswali yasiyojibiwa yaandikwe kwenye kaye. Agronomu wetu atapita kuchukua kaye kila wiki mbili. Hilo ni jukumu letu, na mutudai.

Na ujumbe mwingine wa «jiandikisheni bure» ukifika, kamati iandikie wenye somo mbele ya kutoa jina. Nani anajibu maswali, kwa lugha gani, kisha siku ngapi? Somo linaweza kuvutwa na kusikilizwa bila rezo? Mtu aliyekosa wiki mbili juu ya kupanda anaweza kurudi? Sertifika nayo ni ya bure? Maana masomo mengi ni bure kufuata lakini karatasi inalipiwa, na mara nyingi mutajua hilo siku ya mwisho. Ulizeni pia: katika somo la mara iliyopita, walianza wangapi na walimaliza wangapi? Swali hilo mutuulize hata sisi. Sisi watu wa miradi tunapenda kuandika katika ripoti «wakulima 5,000 wamefundishwa», na mara ingine maana yake ni majina 5,000 tu.

Koperative zinazotaka kujaribu njia hii zituletee jina la animatere na siku waliyochagua kabla ya mwisho wa mwezi wa nane. Somo la kwanza litakuwa la kukata matawi ya kahawa, kwa Kiswahili, sauti na picha chache, na litaanza wakati kupanda kwa msimu A kumekwisha.